Nusu ya Nyutroni

Siku ya kuniaga, mkuu wa shule alisimama akatangaza kwamba Mwalimu Salma ataandika kurasa chache za kumbukumbu za kuwatia moyo walimu vijana wa sayansi. Hakuniuliza kwanza. Wageni wakapiga makofi, mimi nikiwa na wali mdomoni, ikahesabika nimekubali. Basi naandika, ila hayo ya kutia moyo msinitegemee sana. Nimefundisha kemia miaka thelathini na sita katika mkoa huu wa Lindi, nimeanzia upande wa Rutamba nikamalizia Kiswere, na kitu kilichonikaa kooni muda wote huo ni nusu ya nyutroni. Nitafika huko. Kwanza niwaambie habari za kabati.

Niliripoti shule yangu ya kwanza nikiwa na miaka ishirini na minne, sanduku moja la bati na madaftari ya chuo. Maabara ilikuwa na meza, masinki yasiyo na maji, na kabati lenye kufuli. Ufunguo alikuwa nao Mzee Lipande, mtunza maabara, mtu mpole kabisa ambaye alinichosha kuliko watu wote niliowahi kufanya nao kazi. Ndani ya kabati mlikuwa na boksi la tufe za mbao za kuundia mifano ya atomu: nyekundu za protoni, za buluu za nyutroni, na nyeupe ndogondogo za elektroni zilizochomekwa kwenye nyaya. Zililetwa zawadi kutoka nje. Niliziona kwenye kioo cha kabati nikafurahi peke yangu.

"Shikamoo, Mzee. Naomba zile tufe, nina kidato cha pili saa nne."

"Marahaba, mwanangu. Zitaharibika hizo."

"Zitaharibikaje, Mzee? Nazitumia kipindi kimoja tu."

"Ndiko kuharibika kwenyewe huko. Wakija wakaguzi tutawaonyesha nini?"

Nilidhani anatania. Wakaguzi walikuja mwezi wa tatu. Tufe zikatolewa, zikafutwa vumbi, zikapangwa mezani juu ya kitambaa cheupe. Mkaguzi akaandika kwamba vifaa vipo na viko katika hali nzuri. Kabla gari lao halijatoka getini, Mzee Lipande alishazirudisha ndani na kufuli limelia. Jamani! Viko katika hali nzuri kwa sababu hakuna mtoto aliyewahi kuvigusa! Nilitamani kulia. Na msifikiri ni yeye peke yake. Shule zote nilizopita zina kabati la namna hiyo, na mtu wake wa ufunguo. Mkilikuta, ombeni ufunguo siku ile ile ya kwanza, wakati bado wanawaonea haya kwa ugeni.

Kwa kuwa tufe zilikuwa za wageni, mimi nikaenda kuazima ungo. Mama mwenye nyumba niliyopanga alinipa wa zamani, nikachora kwa mkaa duara ndogo katikati, kisha duara tatu zinazoizunguka. Kunde nyekundu zikawa protoni, mbaazi zikawa nyutroni, punje za mtama zikawa elektroni. Kunde na mbaazi zinakaa pamoja katikati, kwenye kiini. Mtama unakaa kwenye duara za nje: mbili kwenye ya kwanza, nane kwenye ya pili, zinazobaki kwenye ya tatu. Darasa likazunguka ungo, na mambo yakaenda vizuri kwa muda wa kama wiki mbili.

Niwape na tahadhari zake, maana ungo nao una ubishi wake. Usifundishe karibu na dirisha, upepo utaondoka na elektroni zako zote. Usifundishe kipindi cha mwisho kabla ya chakula. Nimewahi kupoteza protoni nne kwenye midomo ya watoto. Na usisahau kuwaambia kwamba ungo unadanganya kuhusu ukubwa. Kama kiini kingekuwa punje moja ya mtama katikati ya uwanja wa mpira, elektroni zingekuwa huko magolini, na katikati pote hapo hamna kitu. Hilo la hamna kitu watoto hawalipendi. Wanataka kujua basi hapo katikati kuna hewa? Hapana, hewa yenyewe ni atomu. Kuna nini? Hakuna. Wanakutazama kwa huruma.

Na usisahau kwamba mtihani unakuja kwa Kiingereza. Mtoto anaongea Kimwera nyumbani, anacheza kwa Kiswahili, halafu anaulizwa atomu kwa Kiingereza, na sisi tunashangaa amefeli nini. Mwisho wa mwaka ule nilisahihisha karatasi ya mtoto aliyeeleza, kwa Kiingereza cha kujitahidi sana, kwamba kiini cha kaboni kina kunde sita na mbaazi sita. Nilimpa nusu ya alama. Mpaka leo sijui kama nilimwonea au nilimpendelea.

Sasa tuje kwenye klorini.

Somo lilikuwa rahisi. Namba ya protoni ndiyo inayoipa atomu jina lake. Kunde kumi na saba, hiyo ni klorini, huna la kufanya. Ongeza moja inakuwa kitu kingine kabisa. Ukitaka idadi ya nyutroni, chukua namba ya uzito, toa protoni. Tulikuwa tumefanya kaboni, oksijeni, sodiamu, yote yametoka sawasawa. Nikaangalia kwenye jedwali, klorini imeandikwa thelathini na tano na nusu. Nikaandika ubaoni: thelathini na tano na nusu toa kumi na saba. Jibu, kumi na nane na nusu.

Chaki ikasimama. Nilijua hapo hapo kwamba kuna kitu sicho. Nilikuwa nimesomea hayo chuoni, tena si zamani, lakini yalikuwa yamekaa kichwani kwa ajili ya mtihani, na mtihani ulishapita. Nyuma yangu wanafunzi arobaini. Mimi binti mdogo, baadhi ya wavulana pale nyuma wananizidi urefu, na tangu nifike walikuwa wananipima kama kweli najua. Basi nikafanya nini? Nikachukua mbaazi moja kwenye ungo, nikaipasua kwa kucha, si mnajua mbaazi inavyopasuka vizuri katikati, nikaweka kipande kimoja kwenye kiini.

"Kumi na nane na nusu," nikasema. "Tumeelewana?"

"Ndiyo, Mwalimu!" Darasa zima, kwa sauti moja. Hiyo "ndiyo Mwalimu" ya pwani yetu imenitesa maisha yangu yote. Mtoto amelelewa asimbishie mkubwa, na ni malezi mazuri nyumbani, lakini darasani ungeweza kusema jua linachomoza Songea, kule linakotua, wakaandika.

Mmoja hakuitikia. Bakari Nakuwa, mtoto wa mkulima wa korosho, amekaa safu ya pili. Huyu alikuwa ameshaniambia anataka kuwa bwana shamba, na ndiye pekee aliyekuwa anabaki baada ya kipindi kunisaidia kuokota mtama. Alisimama kwa adabu zote.

"Samahani, Mwalimu. Nusu ya mbaazi haioti."

"Unasema?"

"Ukiipasua ukaipanda, haioti. Si mbegu tena. Sasa nyutroni ukiipasua, si itakuwa siyo nyutroni?"

Wallahi, lile lilikuwa swali bora kuliko maswali yote niliyoulizwa katika miaka thelathini na sita. Ningemwambia, "Bakari, sijui, nitaangalia, kesho tutaongea," basi leo nisingekuwa na cha kuandika. Lakini nyuma kule mmoja akacheka, nikadhani ananicheka mimi.

"Wewe ndiye mwalimu?"

"Hapana, Mwalimu."

"Chukua fyekeo. Nyuma ya darasa, upana wa darasa zima, mpaka kwenye mstari wa mikorosho."

Akaenda. Dirishani nilimsikia anafyeka mpaka kengele. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshaharibu, nikaharibu vizuri: nikatoka kukagua. Majani yalikuwa yamelala sawasawa, mtoto ametota jasho, shati limemganda. Nikatafuta kasoro mpaka nikaipata.

"Pale kona umeacha," nikamwambia.

Akarudi kona akafyeka. Kesho yake nikakusanya madaftari, na la Bakari lilikuwa na jibu lile lile kama la wenzake: kumi na nane na nusu. Nikaliwekea alama ya vema kwa peni nyekundu, nikaandika "Sahihi", nikatia na saini yangu. Nikajisikia nimeshinda. Mtu mzima hovyo!

Ukweli niliujua muhula ule ule, na sikuupata kwenye kitabu. Mimi na mama mwenye nyumba tulipeleka korosho zake ghala la chama cha msingi cha wakulima. Mpima ubora alichota kilo moja kwenye gunia, akazimwaga mezani akaanza kuhesabu, kisha akatikisa kichwa. Alikuwa mtu wa maneno makali.

"Bibi, umechanganya. Hizi kubwa za mikorosho mipya, hizi ndogo za ule mkorosho mzee. Mimi naandika wastani wa uzito wa korosho moja, lakini humu ndani hamna korosho hata moja yenye uzito huo."

Nilisimama pale kwenye vumbi la magunia mpaka mama akanivuta mkono. Hamna korosho hata moja yenye uzito huo! Klorini ni gunia lililochanganywa. Kwa kila atomu nne, tatu zina nyutroni kumi na nane, na moja ina ishirini. Zote ni klorini, zote zina protoni kumi na saba, zote zina elektroni zile zile na tabia ile ile. Hizo ndizo isotopu. Chukua thelathini na tano mara tatu, jumlisha thelathini na saba, gawa kwa nne, unapata thelathini na tano na nusu. Ni wastani tu. Hakuna nyutroni iliyopasuliwa popote duniani isipokuwa kwenye ungo wangu.

Mnategemea kesho yake nilikwenda darasani nikasema nimekosea. Sikwenda. Nilijiambia mtihani uko karibu, nitawachanganya. Halafu nikajiambia wameshasahau. Halafu kidato cha tatu kikaanza, wakachagua masomo, na Bakari hakuchagua kemia. Nilimwona uwanjani na fomu mkononi, akanisalimia vizuri, "Shikamoo, Mwalimu," nami nikasema marahaba nikapita haraka kama ninayewahi kitu. Nilikuwa siwahi chochote. Waliofuata baada yake wote niliwafundisha sawasawa, kwa korosho kubwa na ndogo, na kila mwaka nikifika kwenye klorini nilikuwa naona aibu ile ile, nikiikalia kimya.

Mzee Lipande alistaafu kabla sijahama. Tulifungua kabati kwa makabidhiano, hatimaye. Nikashika tufe moja nyekundu ikapasuka vidoleni. Bungua, wale wadudu wa mbao, walikuwa wamezila zote kutoka ndani, wakaacha rangi. Ndani hamna kitu. Angalau hapo ndipo zilipofanana na atomu za kweli kuliko siku nyingine zote. Mzee aliziangalia kwa muda, akasema, "Tungezitumia tu, mwanangu."

Kiswere nilikaa miaka mingi zaidi, na sina mengi ya kuwaambia isipokuwa kwamba chumvi ya bahari inakula kila chuma, na mizani ya maabara haikuwahi kusema kweli. Kule ungo wangu niliendelea nao. Mtoto mmoja wa wavuvi aliniambia isotopu ni dagaa mbichi na dagaa mkavu: uzito mbalimbali, lakini ukimuuliza mama yake, wote ni dagaa. Nilimkatalia, kwa sababu dagaa amepungukiwa maji, siyo nyutroni. Usiku, mchana, nikalifikiria nikaona kwa kidato cha pili si mbaya, nikamtafuta nikamwambia. Mnaona? Wakati ule nilikuwa nimeshajifunza kurudi. Lakini nilirudi kwa kila mtu, isipokuwa kwa yule mmoja.

Huko Kiswere ndiko alikokuja Upendo kufanya mazoezi ya kufundisha. Wengi wenu mnamfahamu: msichana mwepesi, anaongea haraka, anajua kemia yake. Baadaye akapangiwa ile ile shule yangu ya kwanza. Nilifurahi, nikampa ungo.

Wiki ya pili tangu nistaafu, nimekaa nyumbani Lindi mjini najifunza kutofanya kitu, Upendo akanipigia.

"Shikamoo, Mwalimu. Nina mtoto hapa kidato cha pili, Zainabu, ananichosha kinoma. Ana akili, lakini anang'ang'ania klorini ina nyutroni kumi na nane na nusu. Nimeeleza wastani, nimeeleza korosho, hataki. Anasema baba yake kamwambia."

Nikainuka kitini na simu sikioni.

"Baba yake nani?"

"Mkulima tu wa hapa, Bakari. Kampa mpaka daftari lake la zamani aje kunionyesha. Ngoja nikutumie picha."

Picha ikaingia. Karatasi imekuwa rangi ya chai, imeliwa pembeni na mende. Mwandiko wa mtoto, wa taratibu: kumi na nane na nusu. Na hapo pembeni alama nyekundu ya vema, "Sahihi", na saini. Sikuhitaji miwani. Ilikuwa yangu.

"Mwalimu, upo?"

"Nipo. Umemfanya nini huyo mtoto?"

"Alinibishia mbele ya darasa, Mwalimu. Nikamtoa nje akafyeke. Sasa ameudhika, anasema kemia basi. Fomu za kuchagua masomo zinarudi Ijumaa, na yake kemia hakuweka, na baba yake ameshatia saini. Anasema kwao vichwa vyao havikubali kemia."

"Na nani alikufundisha kumtoa mtoto akafyeke kwa sababu ya swali?"

"Wewe, Mwalimu. Kiswere. Ulisema ukibishiwa mbele ya darasa, mtoe nje kwanza kabla darasa halijakuponyoka."

Nilisema hivyo. Nakumbuka na mahali tulipokuwa tumekaa. Niliikata simu bila kuaga, nikakaa sebuleni nikijitukana kwa Kiswahili, kisha kwa Kimwera nilichojifunzia Rutamba.

Alhamisi asubuhi nilikuwa Rutamba. Nilimwomba Upendo aniitie Bakari, na anipe dakika kumi za kipindi chake, kwa sababu nilikosea mbele ya darasa, basi lazima nikosolewe mbele ya darasa. Bakari alikuja amevaa kofia yake na shati la kwendea msikitini, daftari ameliviringisha kwenye mfuko wa nailoni. Mvi zimempata kuliko mimi. Alisimama mlangoni, akainama kidogo.

"Shikamoo, Mwalimu wangu."

Hilo neno "wangu" lilinikata maini.

"Marahaba, Bakari. Kaa."

Alikaa dawati la mbele, magoti hayaingii. Zainabu alikuwa safu ya pili, amenuna, fomu iko mbele yake.

Nikasema bila kuzungusha. Kwamba daftari la Baba Zainabu nilisahihisha mimi. Kwamba jibu lile si sahihi, halikuwa sahihi siku ile, na alama ile ya vema ni kosa langu. Kwamba Mwalimu Upendo anafundisha sawasawa: klorini ni kama korosho kubwa na ndogo zilizochanganywa, na hiyo nusu ni wastani tu. Kwamba siku ile mwanafunzi mmoja tu kati ya arobaini alisimama akasema nusu ya nyutroni haiwezekani, na mimi badala ya kumpa pongezi nilimpa fyekeo, kwa sababu nilikuwa sijui na niliona aibu.

Bakari alikuwa ananiangalia mdomo tu.

"Mwanafunzi yupi, Mwalimu?" akauliza, na nikaona kwamba hakuwa anatania. Alikuwa amesahau, au amejisahaulisha.

"Wewe. Ulisema nusu ya mbaazi haioti."

Akalifungua daftari lake, akalitazama kama ameletewa la mtu mwingine. "Mimi nilijua nilikuwa nimekosea," akasema taratibu. "Nilipokuwa nafyeka nikajiambia, huyu kasomea, mimi nani? Nikaandika ulivyosema. Na kwa kuwa moyoni bado nilikuwa sielewi hiyo nusu inakaaje, nikaona kemia siyo yangu."

"Ulikuwa sahihi, Bakari."

"Rudia, Mwalimu. Mtoto asikie."

"Ulikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyekosea."

Zainabu aliinua kichwa akamwangalia baba yake, siyo mimi. Bakari akavua kofia, akaivaa tena.

"Na wewe ulijua lini?" akaniuliza.

Ningeweza kumdanganya. Nani angejua? "Muhula ule ule," nikasema. "Kabla hujachagua masomo."

Alisimama, akaviringisha daftari, akatoka nje. Nilimsikia anatembea kwenye kokoto. Hapo niliumia hasa, niseme ukweli, kwa sababu hakukasirika, ningependa anitukane. Darasa zima linanitazama, Upendo anaangalia dirishani, na mimi mwanamke wa miaka sitini nimesimama na kipande cha chaki sijui nikiweke wapi.

"Fyekeo liko wapi?" nikamwuliza Upendo.

"Mwalimu, hapana, jamani..."

"Liko wapi?"

Lilikuwa nyuma ya mlango, pale pale pa zamani. Nikafunga kanga kiunoni, nikatoka, nikazunguka nyuma ya darasa. Upana wa darasa zima, mpaka kwenye mstari wa mikorosho. Majani ya huko hayajawahi kuwa na huruma. Nilipiga fyekeo la kwanza, mgongo ukalia. La pili, watoto wakajaa madirishani. Wawili wakaruka kuja kunipokea, Upendo akija nyuma yao anasema, "Mwalimu, basi, basi," kwa sababu kwetu haiwezekani mtu mzima, tena mwalimu, afyeke na vijana wapo. Nikawafukuza wote.

Bakari alikuwa amesimama chini ya mkorosho wa kwanza. Hakuja kunipokea. Alifunga mikono akanitazama, na mimi nilishukuru, sijui niwaeleze vipi, nilishukuru kwamba hakuja. Nikafyeka. Nilipumzika mara tatu, nikaendelea. Zainabu alitoka, akaenda kusimama karibu na baba yake na ile fomu. Niliwasikia wanaongea.

"Kwa hiyo ni kuchanganya tu, Baba? Kubwa na ndogo?"

"Ni kuchanganya tu. Kama gunia la babu yako." Akanyoosha mkono. "Lete hiyo peni."

Akaigeuza fomu, akaiegemeza kwenye shina la mkorosho, akakata somo lililowekwa badala ya kemia, akamrudishia mwanawe ajaze mwenyewe. Mtoto aliandika neno moja, akalipigia mstari chini.

Nilipofika mwisho nilikuwa sina pumzi, kanga imejaa vipande vya majani. Nikaegemea fyekeo. Bakari akaja taratibu, akapita kwenye mstari wote niliofyeka, anaangalia chini huku na huku, hana haraka. Akasimama mbele yangu.

"Mwalimu," akasema kwa adabu zote, "pale kona umeacha."

Nikarudi kona, nikafyeka.